Kitabu, Vitabu: Namna ya Kuusoma Mji Mkongwe wa Zanzibar

Daladala ilipotushusha Darajani, kijana mmoja mwenye begi la safari alizitazama kuta zilizochakaa za Mji Mkongwe, akamtazama mama aliyepita na buibui lake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika: "Hapa ni Uarabuni kabisa." Mzee aliyekuwa akipanga machungwa yake mafungu mafungu hakuinua hata uso. "Kwani wewe Uarabuni ushafika, mwanangu?"

Kijana akacheka. Hajafika.

Ubishi huo haujaanza kwao. Wapo wanaoamini Mji Mkongwe ni kipande cha Uarabuni kilichoelea baharini kikatia nanga Unguja. Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba Uarabu ni chokaa tu, ukikwangua unakuta Afrika tupu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, niliwasikia watu wakilia kwamba urithi wetu umekwenda, na wengine wakiuliza: wetu sisi, au wa sultani? Swali halikuwa la kipuuzi. Ila wote waliokuwa wakibishana walikubaliana kimyakimya juu ya jambo moja, nalo ndilo linalonitatiza: kwamba mchanganyiko wa tamaduni mbili, ya Kiarabu na ya Kiafrika, ni kama chai ya maziwa. Unapima maziwa kiasi gani, maji kiasi gani, halafu unatangaza mshindi.

Mimi nilikuwa na Alhamisi nzima ya kupoteza, nikaamua kuutembea mji kuanzia Darajani mpaka Forodhani nione kama hesabu hiyo inafanya kazi.

Kwanza tukubaliane maneno. Mji Mkongwe ni ule mji wa mawe wa Unguja, wenye vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani bila kuombana radhi. Mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wa pili ni Ng'ambo, na jina linajieleza: palikuwa na mkono wa bahari ukiugawa mji, na ili kwenda huku au kule ulivuka daraja. Maji yalifukiwa zamani, daraja halipo, limebaki jina la Darajani.

Neno la pili ni la darasani: utohozi. Kutohoa neno ni kulichukua kutoka lugha nyingine na kulifanya litii lugha yako. Mfano mzuri kuliko yote tunao midomoni kila siku. Waarabu wana neno kitab. Kwao ile "ki" si kiambishi, ni sehemu ya mwili wa neno, na wakitaka wingi husema kutub. Neno lilipofika kwetu, Mswahili alilisikia likianza na "ki", akaliweka pamoja na kiti, kisu na kikapu, na wingi wake akautengeneza bila kumuuliza mtu: vitabu. Hakuna Mwarabu aliyewahi kusema vitabu. Chukua sasa sentensi hii: "Vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea." Kilichotoka Uarabuni humo ni mzizi mmoja. Vi, vy, vi, vi, vi, zote hizo ni za Kibantu, na ndizo zinazoamua nani akae wapi.

Wala hatukuwafanyia Waarabu peke yao. Waingereza walipoleta mizunguko ya barabarani yenye alama ya kuwaamuru madereva washike kushoto, tuliipokea amri hiyo ikawa kipilefti, na vikizidi kimoja ni vipilefti. Kwa hiyo mtu akikwambia Kiswahili ni nusu Kiarabu, kwa kuwa amehesabu maneno, mwambie ahesabu pia nani anayeyapanga maneno hayo. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Jina lake ndilo la Kiarabu, kutoka sawahil, yaani pwani.

Nilipoingia kichochoro cha kwanza nikaanza kuona vitabu na vipilefti kila mahali, tena vya mawe.

Anza na nyumba yenyewe. Kwa macho ya haraka ni ya Kiarabu: ukuta mnene unaoelekea njiani, uwazi katikati, faragha ya ndani iliyofichwa mgeni asiione. Kiasi chake ni kweli, Waomani walijenga hivyo. Lakini mawe ni matumbawe ya bahari hii, yamegandishwa kwa chokaa iliyochomwa hapa, na mafundi wa pwani walikuwa wakijenga kwa matumbawe karne nyingi kabla ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuuhamishia utawala wake Unguja. Halafu inua kichwa uitazame dari. Imelala juu ya boriti, miti ya mikoko. Mkoko una kimo chake. Boriti nzuri inavuka nafasi ya mita tatu hivi au chini kidogo, basi. Ndiyo maana vyumba vya majumba haya ni virefu na vyembamba, hata cha tajiri aliyekuwa na uwezo wa kununua ukumbi wa kuchezea farasi. Ramani aliichora tajiri, upana ukaamuliwa na mkoko. Huo ni utohozi wa nyumba.

Hatua chache mbele sura ya njia inabadilika. Chini kuna duka lenye mbao za kufungulia, juu roshani ya mbao iliyochongwa. Hii ni nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi, aliyetaka njia imwone badala ya kujificha. Ukuta wake na wa jirani Mwarabu umeshikana, na mara nyingi mbele ya jirani kuna baraza, kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba. Baraza lilikuwa suluhisho la tatizo la faragha: mgeni mwanamume anapokelewa vizuri bila kuingia ndani. Leo kinywaji ni kahawa, mazungumzo ni mpira na siasa, na neno limepanda cheo mpaka tuna Baraza la Mawaziri. Waziri nalo ni neno la Kiarabu. Tumelipa "ma" yetu likakaa sawa.

Milango inahitaji kusimama kidogo, kwa sababu ndipo hadithi za uongo zilipozaliana. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ndiyo ya mtindo wa zamani zaidi. Ile yenye tao juu ilishamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19, na mkono wa mafundi wa Kihindi unaonekana ndani yake. Ubao mara nyingi ni msaji ulioletwa kwa jahazi kutoka India. Juu ya kizingiti unaweza kukuta aya ya Kurani, na chini yake maua na samaki. Sasa vile vichwa vya shaba vilivyochomoza. Watembeza wageni hupenda kusema viliwekwa kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango. Huko India ndiko inakosemekana desturi hiyo ilianza, lakini katika vichochoro vya Unguja tembo angekwama kona ya kwanza. Hapa shaba ilikuwa ya kuonyesha uwezo, kama mtu wa leo anavyoweka geti la gharama kuliko nyumba. Ukisikia pia kwamba mchongo wa mnyororo ni ushahidi kuwa mwenye nyumba aliuza watu, jua kwamba mtembezaji mwingine atakwambia mnyororo ni kinga ya nyumba. Mchongo haukuandikiwa maelezo. Biashara ya watumwa ina ushahidi mzito kuliko huo, na nitaufikia.

Kabla ya hapo, tuihoji ile "mbili" katika tamaduni mbili. Hata kwa maneno ya nyumbani hesabu haikubali. Bandari na serikali zina asili ya Kiajemi. Gari, bima na laki ni za Wahindi. Meza, bendera na mvinyo waliziacha Wareno, pamoja na gereza, ambalo kwao, igreja, lilikuwa kanisa! Nenda Ngome Kongwe pale Forodhani uone jinsi historia inavyotania: Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ngome hiyohiyo ikatumika kufungia watu. Wazanzibari husema skuli, wa bara husema shule, kwa sababu hawa walitawaliwa na Waingereza na wale walianza na Wajerumani. Mpaka wa kikoloni umebaki katika neno la mtoto wa darasa la kwanza.

Na damu je? Kwa miaka mingi wasomi walibishana kuhusu wale wanaojiita Washirazi: je, babu zao walitoka Uajemi kweli au ni majivuno? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya asili ilikuwa ya Kiafrika, ikipitia zaidi kwa kina mama. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, na ndani yake Uajemi ndio ulioongoza, pamoja na mchango wa India, ukipitia zaidi kwa kina baba. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Waarabu wanaonekana kwa uzito baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi.

Kila upande wa ubishi ulinyakua kipande chake cha matokeo hayo ukakimbia nacho. Mimi nilibaki na jambo moja: baba alitoka ng'ambo ya bahari, lakini mtoto alizungumza lugha ya mama. Kama Uajemi ungeshinda nyumbani, leo tungekuwa tunaandika Kiajemi.

Lakini haya yote yakisemwa hivi yanasikika kama harusi. Hayakuwa harusi. Ukipinda kuelekea Mkunazini unafika kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Utumwa wenyewe kisheria uliendelea Unguja mpaka 1897. Waliokuwa wakikaa Ng'ambo katika nyumba za udongo na makuti wengi walikuwa watumwa, watumwa walioachwa huru, na maskini waliotoka shamba. Hata lugha ilibeba dharau hiyo. Watu wa pwani walikuwa na neno lao la heshima, uungwana. Karne ya 19, utawala wa Waomani ulipokomaa, neno ustaarabu likapanda, na ndani yake mna maana ya kujifanya kama Mwarabu. Tunalitumia leo bila kusikia kinachosemwa. Na Januari 12, 1964, Mapinduzi yalipokuja, hasira ya utengano huo ilikuwa imelala muda mrefu.

Kwa hiyo utohozi si suala la kukopa kwa ridhaa tu. Wakati mwingine anayetohoa ni yule aliyenyimwa.

Hapo ndipo namkumbuka Siti binti Saad. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri; akaleta wanamuziki na kumpeleka Mzanzibari Mohamed Ibrahim Cairo ajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Taarab ilianza hivyo, burudani ya jumba la mfalme, kwa Kiarabu, kwa wenye kualikwa. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwan Safaa, bado ni wanaume na bado ni Kiarabu. Wakati huohuo huko Fumba alikuwa amezaliwa binti wa watu wa chini kabisa, aliyepewa jina la Mtumwa, aliyekuja mjini akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake na kunadi kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye taarab. Akaiimba kwa Kiswahili. Jina la Mtumwa likaondoka, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na zikasikika pwani yote.

Angalia alichobeba na alichoacha. Ala zilibaki zilezile za bendi za Kiarabu, udi, fidla na wenzao. Beti zikafuata vina na mizani za Kiswahili. Yaliyoimbwa yakawa ya mtaani: kesi za mahakamani, wanaume wakatili, wakubwa wanaodhulumu. Baadaye Ng'ambo ikaongeza vitu vyake, kina mama wakaunda vikundi vyao, ngoma za kidumbak zikapiga kwa nguvu, na lile fumbo la kumsema jirani bila kumtaja jina likawa roho ya mchezo. Mwarabu wa Misri akisikia taarab ya leo atatambua udi. Hatajua kwa nini ukumbi mzima umeshangilia mama fulani alipoinuka kwenda kutuza huku akimkata jicho mwenzake.

Njaa ilinishika nikiwa hapo katika mawazo, na dawa ya njaa ya mchana mjini ni urojo. Wengine huuita Zanzibar mix, lakini mwenyeji akitaka bakuli husema urojo. Ni uji mwepesi wa manjano wenye uchachu wa embe au ukwaju, ndani yake bajia, viazi, kachori, labda yai na mishikaki, juu chatini ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Hapo ukitaka kuhesabu maziwa na maji utachanganyikiwa. Bajia na kachori ni majina ya Kihindi, ila kachori ya India kwa kawaida ni andazi la unga lililojazwa viungo, na ya kwetu ni donge la kiazi lililovishwa unga na kukaangwa. Jina limepanda jahazi, kitu kimebadilika njiani. Muhogo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, aliletwa na Wareno. Pilipili kali vilevile. Hata karafuu, ambayo tunaapa ni yetu, ilitoka visiwa vya Maluku huko Indonesia na kupandwa hapa karne ya 19. Kinachofanya bakuli zima liwe na ladha ya Unguja na si ya Gujarat ni mkono wa mpishi na nazi. Nazi ndiyo "vi" ya jikoni kwetu. Wali uliotoka Asia tunautia nazi, maharage yaliyotoka Amerika tunayatia nazi.

Kanga nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anayo nyumbani na anaweza kuikunjua aangalie. Ina pindo, ina jina, na ile sehemu ya katikati tunaiita mji. Mombasa huiita leso, neno la Wareno. Imechapwa India, Ulaya, Japani na baadaye kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam. Lile umbo la tone lililopinda kichwa, linalopendwa sana pindoni, kwa Wahindi ni embe changa. Sisi tukalitazama tukaona korosho, na jina likawa korosho. Wao walichora tunda lao, sisi tukavaa letu, na mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Halafu tukaandika chini, "Japo sipati tamaa sikati," na hapo nguo ikaanza kusema kwa sauti ambayo hakuna kiwanda cha ughaibuni kingeweza kuibuni.

Kuna kosa jingine ambalo hata wapenzi wa Mji Mkongwe hulifanya, kudhani kwamba vitu vilikuja tu na havikwenda. Zile boriti zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi zikapelekwa Ghuba, ambako miti ya kujengea ni shida. Huko nako vyumba vya nyumba za zamani vikawa vyembamba kwa kimo cha mkoko wa Afrika Mashariki. Baada ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huko na Kiswahili chao. Muscat leo unaweza kuagiza mandazi kwa jina hilohilo, na ukakutana na bibi anayegombeza wajukuu kwa Kiunguja safi kuliko chako. Kwa hiyo kijana wa Darajani huenda akifika Uarabuni atasema, "Hapa ni Zanzibar kabisa."

Jua lilikuwa linashuka nilipokaa barazani pale wanapopaita Jaws Corner, kikombe kidogo cha kahawa chungu mkononi na kipande cha kashata. Wazee walikuwa wakicheza dhumna kwa makelele. Nikataka kuwatega, nikauliza siku ya tano ya wiki ni ipi.

"Jumatano," akasema mmoja.

"Alhamisi," akasema mwingine, maana ndivyo neno linavyosema kwa Kiarabu, ya tano.

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa sahihi, na kosa halipo. Waarabu huanza kuhesabu siku Jumapili, kwa hiyo ya tano kwao inaangukia Alhamisi. Mswahili aliamua wiki yake ianze pale Ijumaa inapokwisha: mosi, pili, tatu, nne, tano. Akaiacha Ijumaa na jina lake la ibada, na Alhamisi inayoitangulia nayo ikabaki na jina lake la Kiarabu. Ndiyo maana wiki yetu ina siku ya tano mara mbili, moja baada ya nyingine, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

Adhana ya magharibi ikasikika upande wa Malindi, mtaa wa hapahapa mjini, kisha nyingine karibu zaidi. Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake. Nikamwambia nitarudi kesho, Ijumaa, nimlipe deni la kikombe cha pili kwa kuwa sina chenji.

"Ijumaa gani?" akauliza. "Jua limezama, bwana. Ijumaa ishaingia."

Nikaitazama simu. Iliandika Alhamisi.